Siku Moja Maishani Mwangu: Kuandika Riwaya Baada ya Kustaafu

Saa 11 alfajiri. Simu naiacha chumbani. Mezani kuna kaunta buku, kalamu mbili na miwani. Hadithi inakaa ukurasa wa kulia. Wa kushoto ni wa masahihisho.

Hadi saa 2 asubuhi nataka maneno 500, basi. Kwa siku tano za wiki, rasimu ya maneno 50,000 inakamilika ndani ya wiki 20. Anayejilazimisha maneno 2,000 kwa siku huchoka mapema na kuiweka kabatini.

Saa 3, baada ya chai, napitia kazi ya jana kwa kalamu nyekundu. Sisi tulioandika barua na mihtasari ya vikao miaka yote tuna ugonjwa mmoja: lugha ya faili. "Mwili wa marehemu uliwasili na taratibu za mazishi zilifanyika." Nani alifanya? Haonekani mtu. Nikijiuliza hivyo, sentensi inageuka: "Walimshusha kwenye pikapu jioni. Wanawake walikuwa wameshatandika majamvi uani." Kila penye "ilifanyika" au "ilitolewa" napiga mstari na kumtafuta mtendaji.

Saa 5 ni ya kuhakiki kumbukumbu. Umri ni mtaji mkubwa: foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980 hatukusimuliwa, tulizipanga. Ila kumbukumbu huchanganya miaka. Mhusika wa Dodoma hawezi kutazama taarifa ya habari kwenye televisheni mwaka 1982. Tanzania Bara haikuwa na kituo hadi 1994, ingawa Zanzibar ilitangulia tangu miaka ya 1970. Mpe redio, na betri zikiishiwa nguvu azianike juani.

Mchana nalala kidogo.

Saa 10 jioni nasoma mazungumzo kwa sauti. Kijana wa kijiweni akiongea kama mwalimu mkuu, nafuta. Nafuta pia wosia mwishoni mwa sura; watu wa rika letu tunapenda mno kuusia, na sura karibu zote husimama vizuri bila aya hiyo.

Saa 2 usiku nachapa: herufi za ukubwa wa 12, mistari iachane mara mbili, kurasa zipewe namba. Nakala moja kwenye flashi, nyingine najitumia kwa barua pepe, maana flashi hufa bila kuaga.