Kichwa cha Ndimu

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni 1 Samweli 16. Samweli alipomwona Eliabu, kimo chake na umbo lake, alidhani ndiye mfalme aliyetumwa kumpaka mafuta. Wana saba wa Yese walipitishwa mbele yake, na aliyetakiwa, Daudi, yuko machungani na kondoo.

Nimelichagua kwa sababu ya neno nililolisikia shule ya Jumapili hapa Likoni. Mvulana wa miaka kumi alikwama kusoma mstari, mwenzake akamwambia, "Kichwa cha ndimu, akili itakaa wapi?" Darasa zima likacheka. Kilichoniuma ni kwamba watoto hawakulitunga wao. Wametusikia sisi wakubwa.

Basi tuseme kweli. Ubongo wa mtu mzima hukaribia kilo 1.4, wa ndovu hufika kilo 5. Einstein alipofariki mwaka 1955 wake ulipimwa ukawa gramu 1,230, chini ya wastani wa wanaume. Na kunguru hawa wanaotunyakulia samaki pale feri, ubongo wao ni gramu chache tu, ila seli zake zimesongamana mno. Ni kweli kwamba kati ya binadamu ukubwa wa ubongo una uhusiano na akili, lakini ni uhusiano hafifu, haumpi mtu ruhusa ya kumkadiria mtoto kwa macho.

Neno hilo, tena, lina ukoo mbaya. Mwaka 1839 daktari mmoja wa Marekani, Samuel Morton, alichapisha vipimo vya mafuvu aliyoyajaza punje za pilipili manga nyeupe, akawapanga watu wa dunia kwa madaraja. Mwafrika akamweka chini kabisa. Naomba tusiendeleze kazi yake kanisani.

Siku ile ile nilitangaza ubatizo baharini, ufuo wa Shelly, Jumapili ijayo saa nne asubuhi. Wenzake walipotoka, mvulana yule alibaki mlangoni.

"Mwalimu, Jumapili hiyo ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Saa nne maji yatakuwa yamekupwa, mtatembea mpaka mwambani."

"Wewe wajuaje, baba?"

"Nahesabu mwezi. Babu yangu ni mvuvi."

Nilimuuliza mzee mmoja wa bahari, akasema mtoto amepatia.

Ubatizo utakuwa saa kumi jioni. Njooni na nguo za kubadili.