Unakula na nani?

Wiki hii Neema amejifungua salama (mvulana!), theluji ya kwanza imeanguka hapa Chicago, na zamu zangu zimebadilishwa tena. Lakini kinachoninyima usingizi ni swali la Bibi, yule mzee wa Kizungu ninayemtunza.

Jumanne mchana nilikuwa jikoni kwake, nimesimama kando ya sinki, nakula kiporo cha ugali kwenye kopo. Akaja akijikongoja na kiegemeo chake cha magurudumu.

"Mbona unakula umesimama?"

"Nimezoea, Bibi."

"Na kwako, unakula na nani?"

"Peke yangu."

Akanyamaza kidogo. "Sisi tulikuwa thelathini, meza moja."

Wasomaji wa siku nyingi mnamjua. Mwaka 1967 alitoroka kwao akaenda San Francisco, maua nywelini, bangi mkononi. Mwaka uliofuata akaokoka, akaingia House of Miracles kule Costa Mesa, California, nyumba ya vijana kama yeye, chini ya kanisa la mchungaji Chuck Smith. Aliyewahubiria ni Lonnie Frisbee, kijana mwenye nywele na ndevu kama Yesu wa kwenye kalenda zetu. Bibi ana picha ya ubatizo wao baharini, Corona del Mar: foleni ya vijana, maji kiunoni, yeye wa tatu, gauni limemganda mwilini. Pembeni ya picha pamefifia pale anapopashika kila siku.

"Unakula na nani?" Usiku ule niliumia, asubuhi nikakasirika. Mimi niliyekua nikigombania mnofu kwenye sinia moja na watoto wa shangazi, leo niulizwe hivyo na Mzungu? Na meza yake ya watu thelathini iko wapi, mbona anayemfunga vifungo ni mimi?

Alhamisi nikamwuliza, ingawa kwa upole zaidi. Akasema nyumba ile ilivunjika. "Waliogombana ni wakubwa. Sisi tuliokuwa tunaosha vyombo hatukugombana." Akaniomba nimsomee Matendo 2:44 kwa lugha yangu. Nikasoma: "Na wote walioamini walikuwa mahali pamoja, na kuwa na vitu vyote shirika." Akalirudia neno la mwisho, shirika, shirika, mpaka akalitamka kama mtu wa kwetu. Machozi yalinitoka pale pale.

Narudi nyumbani basi likapita Wilson Avenue, pale Uptown wanapoishi Jesus People USA, jumuiya ya Wakristo wanaoishi pamoja kwa mfuko mmoja wa fedha tangu miaka ya 1970. Madirisha yalikuwa na taa. Nikayatazama mpaka basi likakata kona.

Jana nimekula nimekaa, yeye na supu yake, mimi na ugali wangu. Akaomba tonge. Nikamfinyangia dogo, nikalichovya kwenye mchuzi, akatafuna polepole amefumba macho.

Baba hapokei simu tangu Alhamisi. Jirani anasema kamwona dukani, lakini dawa zake za presha ziliisha tarehe 10, na hela niliyotuma bado haijachukuliwa.