Injini Ikikimbia

Mjomba alipoleta mashine ya kusaga, kijijini kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumsomea Kiingereza, na mtu huyo nilikuwa mimi. Ilikuwa likizo ya Juni, mwaka 1988. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, na Kiingereza changu kilikuwa cha kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Mwalimu akiandika sentensi yenye pengo, pengo naliziba. Sentensi isiyo na pengo ilikuwa habari nyingine. Lakini nani angemwambia mjomba? Kwake yeye, mtoto aliyevuka darasa la saba akaenda huko ambako hata jiografia inafundishwa kwa Kiingereza alikuwa Mzungu kasoro rangi.

Kijiji chetu kiko nje ya Korogwe, pale mkonge unapokoma na mahindi yanapoanza. Kabla ya mashine hiyo, kina mama walitembea saa nzima na nusu na debe kichwani kwenda kusaga, wakapanga foleni, wakarudi jua limelala. Asiyeweza alitwanga. Mjomba akauza ng'ombe watatu, akakopa kwa shemeji yake, akanunua injini ya dizeli ya silinda moja iliyotengenezwa India, yenye gurudumu zito ubavuni na hendeli ya kuzungusha kwa mkono. Ililetwa kwa lori kutoka Tanga, ikafungwa juu ya zege kwa bolti nne, kila moja nene kama kidole gumba cha mtu mzima.

Fundi alikuwa mzee aliyestaafu korona, kiwanda cha mkonge, na kelele za huko zilikuwa zimemla masikio. Kuongea naye ni kupaza sauti. Kiingereza hakukijua, na hata Kiswahili alikisoma kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine. Lakini injini alizijua kama mchungaji anavyojua mbuzi wake, hata kwa kikohozi. Alikuwa tayari ameweka maji kwenye pipa, ametoa upepo kwenye njia ya dizeli, amekaza mkanda. Kwa maoni yangu ya leo, hakuhitaji kitabu chochote. Mjomba ndiye aliyekihitaji, maana alikilipia.

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, jalada la kijani, kinanuka grisi. Akanikabidhi mbele za watu.

"Haya mjomba, tusomee."

Nikafungua. Neno la kwanza nililolitambua lilikuwa "run", nikashukuru Mungu. Hilo nilikuwa nalijua tangu shule ya msingi. Mwalimu wetu alilifundisha kwa kukimbia mbele ya ubao, viatu vya plastiki vikipiga sakafu pa-pa-pa, huku akisema "I am running". Kisha darasa zima, watoto arobaini na kitu, tukakimbia palepale tuliposimama mpaka vumbi likatoka sakafuni. Neno lile liliniingia kwa miguu. Run ni kukimbia, basi.

Kumbe kitabu kizima kilikuwa kinakimbia. Mstari wa kwanza ulisema injini iwe "run" dakika kumi bila mzigo. Nikasoma kwa sauti ya mhubiri: "Ikimbize injini dakika kumi bila mzigo." Watu wakazitazama zile bolti nne, wakanitazama mimi. Wa pili ulisema isiwe "run" bila maji. "Usiikimbize injini bila maji." Huu ulipita, maana hata mtu hakimbizwi bila maji.

Fundi akaniinamia. "Anataka kusema kuiendesha."

Nikalidaka hilo neno kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni. Mstari uliofuata nikaanza kwa kifua: "Injini ikiendesha..."

Mke wa mjomba akaangua kicheko mpaka akashika nguzo ya banda. Kwetu anayeendesha ni yule ambaye tumbo limemharibikia. "Masikini! Mpeni maji ya mchele!" Wanawake wote wakapokea, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyesikia neno. Miaka mingi baadaye niligundua kwamba Waingereza nao, tumbo likiwaharibikia hivyohivyo, husema wana "the runs". Ningelijua siku ile ningemjibu.

Na nilijua pia, baadaye, kwamba sikuwa mjinga peke yangu. Mwaka 2011 nilisoma kuhusu Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, ile kubwa kuliko zote. Tangu zamani neno lililojivunia kurasa nyingi zaidi humo lilikuwa "set". Walipofika kulidurusu "run", likalipita. Maana 645, na hizo ni za kitenzi tu. Nomino ina zake. Mhariri aliyelishughulikia, Peter Gilliver, lilimchukua miezi tisa. Nilipofika hapo niliweka gazeti chini nikacheka peke yangu. Miezi tisa! Mimi mjomba alinipa kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na kina mama wamekalia ndoo zao wakisubiri.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kiswahili kilikuwa na la kujibu, mimi ndiye sikuliona. Kuendesha ni kufanya kitu kiende. Tunaendesha gari, mkutano, kesi, shule, duka, na tumbo linatuendesha sisi. Karibu kila mahali Mwingereza anaposema "run" akiwa na kitu mkononi, sisi "endesha" yetu iko hapo inasubiri kuitwa. Lakini mtoto wa shule akiona neno la Kiingereza hatafuti neno analolitumia nyumbani kila siku. Anatafuta lile aliloandikiwa ubaoni. Na hata hivyo wenyewe hawakubaliani. Mmarekani anayetaka urais hu-"run", Mwingereza anayetaka ubunge husimama, na sisi huku tunagombea. Nadhani sisi ndio tuliosema ukweli.

Turudi bandani. Kulikuwa na "run in", nikasema "kimbia ndani", na watu wakatazama kama mlango wa banda utatosha. Fundi akakuna kichwa, akaniuliza maneno ya jirani yake ni yapi. Nikamwambia: mpya, saa nyingi, mzigo nusu. Uso ukamfunguka. Injini mpya, akaeleza, haipewi mzigo kamili siku ya kwanza. Inaachwa ingurume taratibu, vyuma vizoeane. Vyuma vizoeane! Sijapata kuona tafsiri nzuri zaidi ya hiyo, na alitafsiri bila kuliona neno.

Kisha nikafika kwenye mstari uliochapwa kwa wino mzito: "If the engine runs away". Nilikuwa nimeshachoka kuchekwa, nikausema haraka huku nikiangalia chini: "Injini ikikimbia..."

Walicheka tena, mjomba akiwa wa kwanza. "Itakwenda wapi, mjomba? Handeni?"

Fundi hakucheka. Aliniambia nirudie, akidhani masikio yamemdanganya. Nikarudia.

"Hilo umelisema sawasawa," akasema. "Injini inakimbia. Niliiona korona kwa macho yangu."

Mjomba akapunga mkono, na adhuhuri ikawa imefika. Fundi akaenda kuswali. Alituachia neno moja, tusiiguse mpaka arudi.

Sasa kosa lenyewe. Chini ya ukurasa palikuwa na onyo kwamba oili isiachwe "run low". Nikasema, "Usiruhusu oili ikimbilie chini." Ninachokijua leo ni kwamba hapo "run" haina miguu hata kidogo. Katika Kiingereza cha kale neno lilikuwa "rinnan", na pia "irnan", likapata nguvu zaidi kutoka lugha ya watu wa kaskazini waliovuka bahari, na tangu huko mwanzo lilibeba kukimbia kwa mtu na kutiririka kwa maji kwa pamoja. Wajerumani waliyatenganisha. "Rennen" ni kukimbia, "rinnen" ni kutiririka. Waingereza waliyaacha yalale kitanda kimoja, na humo wakazaliwa pua inayotiririka, rangi inayochuja, na kitu kinachopungua mpaka kikaisha. Oili ilikuwa inapungua tu, maskini. Haikukimbilia popote.

Lakini mjomba alisikia alichosikia. Kama oili haitakiwi chini, basi itakiwe juu. Akachukua dumu, akamimina mpaka alama ya kwenye kijiti cha kupimia ikazama, akaongeza, akapangusa mdomo wa tundu kwa kitambaa kwa heshima zote kama mtu anayemfuta mtoto. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Akanitazama. Nikatazama kitabu kama vile kitanikataza. Hakikusema kitu. Akatema mate viganjani, akashika hendeli.

Ilishika mara ya tatu. Tu, tu, tu, tu. Kina mama wakapiga vigelegele, mimi nikajisikia nimesoma. Pengine dakika mbili zilipita hivyo, kisha sauti ikaanza kupanda. Tu-tu-tu ikawa mlio mmoja usio na mapengo, moshi mweupe wenye ubuluu ukajaa bandani, na gurudumu ambalo sekunde chache kabla ungeweza kuhesabu mikono yake likawa duara la kijivu. Mjomba alirukia koki ya dizeli akaifunga. Injini haikujali. Ilizidi. Ilikuwa imeacha kunywa dizeli na kuanza kunywa oili yake yenyewe, ile aliyoishindilia, na oili hiyo haikuwa na koki.

Sote tukakimbia. Kina mama na ndoo zao, watoto, mjomba na koti lake, mimi na kitabu cha kijani. Kuku nao. Pale bandani alibaki mmoja tu asiyekwenda popote, aliyefungwa kwa bolti nne, na ndiye aliyekuwa anakimbia kutupita sote.

Fundi alitokea upande wa msikitini, kanzu kaikunja kiunoni. Sikuwahi kumwona akitembea haraka kabla ya hapo wala baada ya hapo. Alichukua gunia tupu, akalitumbukiza kwenye pipa la maji, akalikunja mara nne, akaingia kwenye moshi. Nilimwona kwa vipande: mgongo, kiwiko, ubao ule tuliokuwa tunaukalia. Aliliweka gunia kwenye mdomo injini inapovutia hewa, ubao juu yake, akaukandamiza kwa kifua chake chote. Gunia likavutwa ndani likabonyea. Mlio ukashuka, ukakohoa, ukakatika. Ukimya uliofuata ulikuwa mzito hata yeye, mwenye masikio yale, nadhani aliusikia.

Hakumgombeza mjomba. Alikaa juu ya ule ubao akipumua, akaomba maji. Tulipofungua bolti ya kutolea oili, oili ya ziada ilijaza ndoo nusu. Mjomba akanigeukia, nami nilijua linalokuja.

"Si ulisema isiwe chini?"

Fundi akamkata. Akataka nimwonyeshe kitabuni lile neno la injini kukimbia. Nikaweka kidole. Akataka lile la kuiendesha. Nikaweka kidole. La oili kupungua. Nikaweka kidole. La vyuma kuzoeana. Akaziangalia zile herufi tatu moja baada ya nyingine, alizozitambua kwa sura tu, akarudi ya kwanza kuhakikisha.

"Ni hili hili?"

"Ni hili hili, mzee."

"Hawa watu wana shida gani ya maneno?"

Sikuwa na jibu. Ningemwambia nini, kwamba wanayo maelfu kwa maelfu, na bado hulichukua hili moja na kulipa kazi zote kama mpwa aliyekuja likizo?

Pistoni ilisalimika, ndivyo alivyosema baada ya kuipima kwa sikio na kwa kuizungusha kwa mkono siku mbili mfululizo. Jumatatu iliwashwa upya, bila mzigo, saa baada ya saa, mjomba amekaa mbali amekunja mikono. Kusaga kulianza Alhamisi. Debe la kwanza lilikuwa la mke wa mjomba, na unga ulitoka wa moto kiasi kwamba watoto waliushika wakauachia.

Kabla ya kurudi shule fundi alinipa kopo la rangi nyekundu iliyobaki kwenye zege na brashi iliyokatika nywele. Nikaandika kwenye ukuta wa banda alichonitamkia, mistari mitano, kwa herufi kubwa ili naye aweze kuipitia kwa kidole. Minne ya kwanza hakuna neno langu hata moja. MAJI KWANZA. OILI MWISHO ALAMA. DAKIKA KUMI TUPU. VYUMA VIZOEANE. Wa tano nilimuuliza kama aseme vingine, maana watu watacheka. Akanikatalia. Akaniambia niliache kama nilivyolisoma siku ile, na niongeze dawa yake mbele, kwa jina analoliita yeye pale injini inapovutia hewa.

INJINI IKIKIMBIA, ZIBA PUA.