Siku yangu kwenye upasuaji wa kwenda na kurudi nyumbani siku hiyohiyo

Saa 1:00 asubuhi. Wa kwanza leo ni kijana wa bodaboda, miaka 22. Amekaa kwa kalio moja pembeni mwa benchi. "Shikamoo, sista." Anaumwa mwaka na nusu sasa: jipu linavimba, linapasuka, linanyamaza, linarudi. Kwa aibu ya mahali lilipo hakumwambia mtu. Mama yake kajua juzi, alipofua shuka. Kuficha huku kunaniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Saa 2:15. Presha, fomu ya ridhaa, kumnyoa. Namweleza kwamba nywele zilizokatika hujipenyeza kwenye ngozi ya mfereji wa makalio, karibu na kifandugu, na usaha hujichimbia njia. Wataalamu huuita sainasi ya pilonidali. Kwa Kilatini ni kiota cha nywele. Si uchafu, si ugonjwa wa zinaa. Hapo ananitazama usoni kwa mara ya kwanza. Namwambia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ugonjwa huu uliwalaza hospitalini maelfu ya askari wa Marekani, wengine madereva wa magari ya Jeep, hata ukaitwa ugonjwa wa Jeep.

"Kumbe hata wanajeshi," anasema.

Saa 3:00. Amelala kifudifudi, plasta pana zimetanua makalio. Kinachouma ni sindano za ganzi, namshika mkono. Wake haujasambaa, kwa hiyo daktari anatoboa vitundu vya ukubwa wa punje ya mchele, anakwangua njia ya ndani, na kishungi cha nywele kinatoka. Dakika 30. Ungesambaa, angehamisha ngozi ili mshono ukae pembeni. Katikati ya mfereji vidonda hugoma kupona.

Henia na uvimbe wa mafuta vinafuata, salama.

Saa 6:30 mchana. Kazi yangu hasa ni hii. Kidonda kitachukua wiki kadhaa, na atakayekiona ni mama. Namwonyesha: maji safi kila siku, akaushe kwa kugusagusa, gozi kavu (kitambaa cha kufunikia kidonda), nywele zisikikaribie. Homa, harufu au damu isiyokatika, warudi usiku uleule. Pikipiki ipumzike.

"Nitajiosha mwenyewe, mama."

"Huko unakuona? Nimekuosha tangu siku ya kwanza."

Nampa gozi za ziada.

Saa 11:00 jioni nawapigia. Mama anapokea: kala wali, kalala kifudifudi, na shuka ni kavu.