Siku moja maishani mwangu: siku ya filamu chuoni

Saa 11:30 alfajiri

Ujumbe wa mkalimani wa lugha ya alama unaniamsha kabla ya adhana. Amepanda basi la kwanza kutoka Dar, saa 4 atashuka Msamvu. Alhamdulillahi. Muhula uliopita mkalimani hakutokea, na wanafunzi wetu viziwi wakakaa kutazama midomo ya watu ikicheza.

Mimi niko kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, katika chuo kimoja hapa Morogoro. Siku nyingi kazi yangu ni kuchapa mitihani ya nukta nundu, maandishi ya kupapasa ya wasioona, na kubembeleza walimu walete maswali mapema. Mara moja kila muhula tunaonyesha filamu, wanafunzi wote wanakaribishwa. Leo ni *Crip Camp*, filamu ya Marekani ya mwaka 2020 inayosimulia maisha halisi ya vijana wenye ulemavu. Mmoja wa waongozaji wake wawili, Jim LeBrecht, mwenyewe anatumia kiti mwendo.

Nakunywa chai ya rangi na kiporo cha wali huku nikipitia daftari. Hii filamu nimeitazama mara 4. Mara ya 5 nilifumba macho mwanzo hadi mwisho, na kila palipoingia muziki mtupu nikaandika dakika. Hapo ndipo asiyeona anaachwa njiani, na hapo ndipo nitakapomnong'oneza.

Saa 3 asubuhi

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja tena na sinema zako?"

Mzee wa funguo ananifungulia ukumbi. Hatuna ukumbi mwingine wa chini wenye nafasi, na huu una mteremko pembeni ya ngazi, kwa hiyo kwenye makaratasi ya chuo unahesabika kuwa unafikika. Ngazi zenyewe ni 4, kimo chake sentimita 60 hivi. Kanuni inayotumika sana ni 1 kwa 12, kila sentimita 1 ya kupanda idai sentimita 12 za urefu, kwa hiyo hapa zingehitajika mita 7 na zaidi. Nimepima kwa futi kamba: mita 2 na nusu. Huo ni mteremko wa kushushia viti vya plastiki vya harusi. Na chini yake wameegesha pikipiki 3.

Nazunguka kutafuta wenyewe. Wawili wanatoa bila neno. Wa tatu hapatikani, tunaibeba watu wanne.

Saa 5

Matangazo tulishamaliza wiki iliyopita: bango kwa wanaoona, sauti ya WhatsApp kwa wasioona, video fupi ya lugha ya alama kwa viziwi. Leo napita tu kuangalia bango la kantini, nakuta kijana wa kamati kachapisha upya kwa hisani yake: "Njoo uone maisha ya wenzetu wasiojiweza." Nalibandua. Kijana ana nia njema kabisa, na ndiyo maana nashindwa kumkasirikia.

Saa 8 mchana

Hapa ndipo siku ilipo. Filamu inataka giza. Mkalimani anataka mwanga, maana mikono isiyoonekana ni sawa na sauti iliyozimwa. Tunafunga mapazia, yeye anasimama kushoto kwa skrini, mimi nakaa watakapokaa viziwi: naona kivuli tu. Tunawasha taa ya ukumbi: mkalimani anaonekana, picha inafifia kama shati lililofuliwa mara mia.

Nakimbia hosteli kuazima taa ya kusomea. Inammulika mpaka machozi yanamtoka. Tunaivisha karatasi ya kaki, tunaishusha chini, tunaigeuza impige kifuani kuelekea usoni. Bado blauzi yake ya maua inameza vidole. Anafungua begi, anatoa shati jeusi. Kumbe alikuja nalo, miaka mingi ya kazi hii imemfundisha.

Mtu ataniuliza: si kuna maandishi chini ya skrini? Yapo, kwa Kiingereza. Wengi wa viziwi wetu lugha yao ni ya alama, Kiswahili wamekikuta shuleni, Kiingereza ndicho cha tatu. Na maandishi yenyewe hayangoji mtu.

Saa 11 jioni

Ukumbi unajaa, wengine wamefuata ubaridi wa feni, karibuni. Mimi niko safu ya nyuma na wasioona watatu, vichwa vimekaribiana kama tunaoteta.

"Picha nyeusi na nyeupe," nanong'ona. "Kambi ya vijana, mwaka 1971. Wengine kwenye viti mwendo, wengine magongo. Wanacheka."

Aliye kulia kwangu ananigusa goti. "Kucheka nasikia mwenyewe. Niambie nisichosikia."

Nanyamaza, najirekebisha.

Filamu inawafuata vijana wa kambi ile mpaka ukubwani, mpaka Aprili 1977, walipoingia jengo la serikali San Francisco wakakataa kutoka kwa zaidi ya wiki tatu, wakidai kanuni za kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, kinachokataza wanaopokea fedha za serikali kubagua watu wenye ulemavu, zitiwe saini. Simu zikakatwa. Viziwi waliokuwa ndani wakasimama dirishani, wakapeleka habari nje kwa mikono.

Lugha yao ya alama si yetu. Hata hivyo safu ya mbele nzima ya viziwi iliinua mikono juu na kuitikisa, kimya kimya, makofi yao hayo. Ukumbi wote ukatulia kuwatazama.

Saa 1:30 usiku

Majadiliano. Wa kwanza kushika kipaza sauti anasema ameguswa sana, anawageukia wenye viti mwendo: "Poleni sana, ndugu zetu."

Dada wa mwaka wa tatu anajibu kutoka kwenye kiti chake. "Pole ya nini, kaka? Mimi sijafiwa. Mtihani wangu wa Jumatatu umepangwa ghorofa ya 2."

Kicheko, kisha si kicheko tena. Mwingine anasema wale ni Wamarekani, wana pesa. Anakumbushwa kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Afisa wa mitihani, aliyekuja kwa heshima tu, anatoa kalamu na kuuliza namba ya chumba. Pikipiki ya tatu hatukumjua mwenyewe hadi mwisho.

Saa 3 usiku

Nimemsindikiza mkalimani, nimerudisha taa. Natembea kuelekea hosteli na yule wa goti, kashika kiwiko changu, fimbo nyeupe mkono wa pili.

"Kuna mahali ukumbi ulinyamaza na wewe ukanyamaza. Palikuwa na nini?"

Nilisahau. Nilikuwa natazama, nikasahau kazi yangu.

Namweleza dirisha, simu zilizokatwa, na mikono ya safu ya mbele.

"Wanaitikisaje?"

Tunasimama chini ya mwembe. Nashika viganja vyake viwili, naviinua juu ya kichwa chake, navizungusha huku na huku, vidole vimetawanyika. Fimbo imeanguka, hakuna aliyeiokota kwanza.