Nilivyochagua kati ya pikipiki mbili za umeme

Zote mbili zilikuwa za Zero, kampuni ya Marekani ya pikipiki za umeme, na zote zimeshatumika: SR ya mwaka 2014 na SR/F ya 2020. Za viwanda vilivyofungwa nilikuwa nimeshaziweka kando, maana Alta ilifunga mwaka 2018 na spea zake ni za kuwinda. Kila niliyemwomba ushauri alitaja kitu kilekile. “Ya 2014? Betri imeshachoka hiyo, achana nayo.” Sikutaka hofu ya watu iniamulie, kwa hiyo nilianza na betri yenyewe.

Asilimia 100 inayoonekana kwenye dashibodi ni kiasi cha chaji tu, afya ya betri haimo humo. Betri iliyopoteza robo ya uwezo wake nayo ikijaa huonyesha 100. Halafu kuna suala la namba za tangazo. SR ile hutajwa kuwa na betri ya kilowati-saa 11.4 (kipimo cha umeme inaoweza kubeba), lakini hicho ni kiwango cha juu kabisa; kiwango cha kawaida kinachoandikwa na Zero wenyewe ni kama 10. Ukiilinganisha betri kuukuu na ile 11.4 utakuwa unaionea.

Mwenye SR alikuwa muungwana kweli. Alikubali niiendeshe mpaka chaji ibaki asilimia 10, kisha tukaichomeka ukutani kupitia kimita kidogo cha kupima umeme. Hadi inajaa, kimita kilisoma kilowati-saa 8.6. Chaja hupoteza sehemu ya umeme kwa joto, nami nikakadiria moja ya kumi, hivyo zilizoingia ndani ni kama 7.7. Na kwa kuwa hizo zilijaza asilimia 90 tu ya betri, ujazo wote unafika kama 8.6, yaani asilimia 86 ya uwezo wa awali. Kwa pikipiki ya umri ule nilifurahi sana kuiona namba hiyo.

Niliijaribu pia mlimani chaji ikiwa chini, kwa sababu seli dhaifu, yaani moja ya vipande vidogo vinavyounda betri, hujificha betri ikiwa imejaa na kujitokeza inapokaribia kuisha. Nilivuta akseleta hadi mwisho na haikukata nguvu. Kumbukumbu za betri, ambazo programu ya simu ya Zero huweza kuzitoa, zilionyesha tofauti ndogo tu ya volti kati ya seli na seli. Kwa hiyo lile jambo ambalo watu wote walinionya nalo halikuwa tatizo hata kidogo.

Kilichonisumbua kilikuwa breki. Zero walianza kuweka ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame unapokamata breki kwa nguvu, kwenye modeli za 2015, kwa hiyo SR ya 2014 haina. Mimi huondoka alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe, na mota ya umeme haina klachi ya kupunguza ukali wake: nguvu yote ya kuzungusha gurudumu, nyutoni-mita 144 kwa SR na 190 kwa SR/F, ipo tayari tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. SR/F ina ABS pamoja na mfumo wa Bosch unaozuia tairi kuteleza hata ukiwa umelala kwenye kona. Niliijaribu kwenye lami iliyolowa na nikausikia mfumo ukifanya kazi. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kuirudia ile nyingine.

Likafuata suala la kuchaji. Chaja ya ndani ya SR ni ya kilowati 1.3, yaani usiku mzima. SR/F niliyoiona ilikuwa ya toleo la Premium, yenye chaja ya kilowati 6, na hujaa kwa saa mbili na ushei kwenye kituo cha kuchajia. Hilo lina uzito kuliko namba za umbali. Zero wanasema SR/F ya toleo lile huenda kilomita 259 mjini, lakini ukishikilia mwendo wa kilomita 113 kwa saa kwenye barabara kuu zinabaki 132, kwa sababu upepo hula umeme haraka mno kadiri kasi inavyopanda. Mwenye safari za barabara kuu atachaji njiani tu.

Ubaya wa SR/F ni uzito wake, kilo 226. Nilizisukuma zote mbili kinyumenyume, mota zimezimwa, na SR ilinitii kirahisi zaidi.

Nilinunua SR/F, baada ya kuipima kwa kimita kilekile. Namba zote za SR nilimwandikia mwenye pikipiki hiyo ili amwonyeshe mnunuzi mwingine. Mtu ambaye safari zake ni za mjini, ana soketi mahali anapolala, na amezoea kukamata breki bila ABS, ningemwambia aichukue SR hiyo bila wasiwasi.