Mita za Kitanda: Njia ya Kambi ya Chini ya Everest

Safari ya Kambi ya Chini ya Everest, Nepal, niliipanga kwa kuanza na vitanda. Kilomita za kila siku ni chache na mtu mwenye mazoezi ya kawaida anazimudu. Kinachomshinda mgeni wa milima ni mwinuko wa mahali anapolala, kwa hiyo daftarini niliandika hivi: Phakding mita 2,610, Namche Bazaar 3,440, Tengboche 3,860, Dingboche 4,410, Lobuche 4,940, Gorak Shep 5,164. Ukishapita mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne unalala palepale mara mbili. Kwa orodha hiyo shida inajionyesha: kutoka Phakding hadi Namche ni zaidi ya mita 800 kwa mpigo. Ndiyo maana Namche tulilala siku mbili, na Dingboche vilevile. Ratiba za bei nafuu huanza kwa kukata siku hizo. Ratiba ya namna hiyo naiacha bila kuuliza bei.

Siku ya mapumziko nayo ina kazi. Kutoka Namche tulipanda taratibu hadi karibu mita 3,880, tukakaa kidogo, tukarudi kulala chini. Kambini, mita 5,364, kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, na mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea kupumua kwa kasi zaidi. Kichwa kikiuma na chakula kikikosa ladha, hupandi; hali ikizidi, unashuka. Mtu akiyumba anapotembea, au akihema hali ameketi, anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Dawa ya asetazolamaidi, kwa kawaida miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda, husaidia mwili kuzoea, lakini haichukui nafasi ya kushuka. Mwone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa.

Bima niliisoma neno kwa neno kabla ya kulipa. Nyingi huishia mita 3,000 au 4,000, yaani zinakuacha kabla hujafika panapokutisha. Tafuta inayofika mita 6,000 na kutaja wazi uokoaji wa helikopta.

Mizigo ni mifupi kueleza. Ndege ndogo za Lukla, mji mdogo wa milimani ambako njia ya miguu huanzia, kwa kawaida huruhusu kilo 15 tu. Buti zivaliwe wiki kadhaa kabla, ziwe na nafasi mbele ya vidole, kwani kwenye mteremko ndiko kucha hugonga na kung'oka. Buti husafiri miguuni, maana begi likipotea vingine utakodi Kathmandu, mji mkuu, lakini buti zilizokwisha kuuzoea mguu hazikodishwi. Pamba isikae mwilini: ikilowa jasho haikauki na baridi inaingia. Betri nililala nazo ndani ya mfuko wa kulalia, kwa sababu baridi huzimaliza. Vidonge vya kusafisha maji vinahitaji dakika 30, na zaidi maji yakiwa baridi sana.

Wakati mzuri ni Oktoba na Novemba, au mwisho wa Machi hadi Mei. Hata hivyo usiamini tarehe ya kurudi. Uwanja wa Lukla uko mita 2,860, njia yake ya kurukia ni fupi na ina mteremko, na rubani lazima aione kwa macho. Wingu likishuka, hakuna ndege. Katika msimu wa wageni wengi safari nyingi huondokea Manthali, Ramechhap, saa kadhaa kwa gari kutoka Kathmandu, hivyo unaanza njia usiku wa manane. Kwa sababu hizo niliacha siku mbili tupu Kathmandu kabla ya ndege ya kurudi nyumbani, na tiketi yenyewe nilinunua inayoruhusu kubadilishwa tarehe.